Bawaba zimevunjika na kioo kimeharibika: je, kompyuta hii bado ina kazi?

Ndugu Mshauri,

Nakuandikia kuhusu kompyuta mpakato ambayo imekuwa nyumbani kwetu tangu mwaka 2015, na ambayo sasa kila mtu wa familia ana maoni yake juu yake isipokuwa mimi. Ilianza kwa bawaba ya kushoto kuwa ngumu, hata kufungua mfuniko kukahitaji mikono miwili. Baadaye tukasikia mlio wa plastiki kupasuka, na tangu hapo kila mfuniko unapoinuliwa, kona ya kushoto ya kasha huachana, sehemu ya juu na ya chini, mpaka skrubu za ndani zinaonekana. Haukupita muda mrefu kioo nacho kikaanza matatizo: mistari ya rangi hutokea na kutoweka kadiri mfuniko unavyosogezwa, na kwenye kona ya chini kuna doa jeusi lililotanda kama wino, ambalo haliondoki hata uusogeze mfuniko vipi.

Kwa mengine yote kompyuta ni nzima. Inawaka, feni inazunguka, na kibodi haina herufi iliyokufa. Ina kumbukumbu ya GB 4 na diski ya GB 500, na inatumia Windows 10. Bila chaja betri hudumu kiasi cha nusu saa tu.

Fundi niliyempelekea alisema kwamba kubadilisha kioo, kebo na bawaba kwa pamoja kutagharimu karibu sawa na kununua kompyuta nyingine iliyotumika, akanishauri niiuze kwa ajili ya spea. Mdogo wangu wa kiume, ambaye anapenda sana mambo haya, anataka kuung'oa mfuniko wote na kuifanya seva ya nyumbani, ikae imewashwa usiku na mchana ikihifadhi picha na filamu za ukoo mzima. Mume wangu angependa kioo kitolewe kiwe fremu ya picha ya ukutani, kwa kuwa amesikia kwamba jambo hilo linawezekana. Mimi ninachotaka ni kidogo. Nina watoto wawili wa shule ya msingi wanaohitaji mahali pa kuandika na kujisomea, na ndani ya diski ile zimo picha zao tangu walipozaliwa, ambazo sina mahali pengine popote.

Naomba uniambie ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba niitupe. Na je, ni salama kuacha kifaa chenye betri ya zamani kikiwaka sisi tukiwa tumelala?

Wako,
Mama wa Wawili

*

Dada yangu Mama wa Wawili,

Usiitupe, wala usiiuze. Lakini kabla mtu yeyote hajashika bisibisi, zitoeni kwanza picha za watoto. Diski iliyofanya kazi tangu mwaka 2015 imezeeka, na kama ni ile yenye sahani zinazozunguka, ambayo ndiyo iliyokuwa ya kawaida kwa ukubwa huo wakati ule, inaweza kufa siku yoyote bila kutoa onyo. Unganisha kompyuta na runinga au monita kwa kebo ya HDMI, kisha nakili picha zote kwenye diski ya nje, na baada ya hapo uweke nakala ya pili mahali pengine, kwa sababu picha iliyopo sehemu moja tu haijahifadhiwa. Ikitokea kwamba kompyuta haitaki kuonyesha chochote, bado hujapoteza kitu: diski nyingi za kompyuta mpakato za miaka ile ni za inchi 2.5, hutolewa kwa skrubu chache, huwekwa ndani ya kasha dogo la USB na kusomwa na kompyuta nyingine. Nasisitiza jambo hili pia kwa sababu ya ushauri wa kuiuza kwa spea. Faili ulizozifuta kwa njia ya kawaida hubaki kwenye diski, na mtu mwenye programu inayofaa anaweza kuzirudisha. Kwa hiyo hata siku utakapoamua kuachana na kompyuta hii, diski ibaki mikononi mwako.

Kuunganisha na runinga kutakujibu na swali jingine, nalo ni nini hasa kilichoharibika. Mistari inayokuja na kuondoka mfuniko unaposogezwa kwa kawaida hutokana na kebo ya picha, ambayo hupita ndani ya bawaba kutoka kwenye ubao mkuu wa saketi hadi nyuma ya kioo. Doa jeusi lisilobadilika ni ufa wa kioo chenyewe, kwa maana kimiminika kilichokuwa kati ya tabaka zake kimetoka mahali pake, na hakuna fundi awezaye kukirudisha. Kwa maelezo yako, basi, vyote viwili vimeumia. Sasa tazama runinga: picha ikiwa safi, bila mstari hata mmoja, sehemu inayotengeneza picha kwenye ubao mkuu ni nzima na kompyuta yako ina maisha mbele yake. Mistari ile ile ikionekana na kwenye runinga, ugonjwa uko kwenye ubao mkuu, na hapo nitakuwa upande wa fundi wako. Ikiwa runinga haionyeshi kitu, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi P, halafu uchague picha itokee kwenye skrini ya pili pekee. Menyu hiyo utaiona kwenye kile kipande cha kioo ambacho bado kinasomeka.

Wakati huohuo, acheni kabisa kuufungua na kuufunga mfuniko. Bawaba ya kompyuta mpakato ni chuma kilichofungwa kwa skrubu kwenye nati ndogo za shaba, na nati hizo zimezamishwa ndani ya vijiguzo vya plastiki. Bawaba inapokauka na kuwa ngumu, nguvu ya mkono unaoinua mfuniko haiishii tena kwenye bawaba bali hushuka kwenye vijiguzo hivyo, navyo hupasuka. Baada ya hapo kila ufunguaji hufanya kazi ya kulichana kasha. Ubaya wa kuendelea unazidi plastiki. Kebo ya picha hubeba pia umeme wa taa za nyuma ya kioo, na ikichubuka huku ikivutwa, inaweza kugusanisha nyaya na kuunguza sehemu ya ubao mkuu. Hilo likitokea, kompyuta ambayo leo imepoteza mfuniko tu itakuwa imepoteza kila kitu.

Kioo kingekuwa kizima, ningekushauri ukarabati bila kusita: fundi hulegeza kidogo nati ya bawaba ili isikaze, hurudisha nati za shaba mahali pake na kuzijengea upya kwa gundi ya epoksi ya sehemu mbili. Zile gundi za kukauka papo hapo hazifai kwa kazi hii, kwa kuwa hukauka zikiwa ngumu na huvunjika mara tu bawaba inapopindishwa tena. Lakini kwa kuwa kioo, kebo na bawaba vyote vinadai fedha, hesabu ya fundi wako ni sahihi. Mimi natofautiana naye mahali pamoja tu. Yeye amekadiria gharama ya kuifanya kompyuta hii ibebeke tena, ilhali katika barua yako yote hakuna mahali uliposema kwamba unataka kuibeba. Watoto wawili wa shule ya msingi wanahitaji meza, kibodi na skrini inayosomeka. Kama kifaa cha kutembea nacho, imekwisha. Kama kompyuta ya mezani, haijapungukiwa na kitu isipokuwa monita, na monita iliyotumika, au runinga mliyonayo ikiwa ina tundu la HDMI, itatosha kabisa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 kuhusu taka za kielektroniki inaeleza kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, na kwamba ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Sioni sababu ya kuongeza humo ubao mkuu mzima, kumbukumbu nzima na kibodi nzima kwa kosa la plastiki.

Katika kuung'oa mfuniko, mdogo wako yuko sahihi, ingawa sababu yangu si yake. Mngeweza kuufunga tu na kubadilisha mipangilio ya umeme ili kompyuta isilale mfuniko unapofungwa, lakini basi mtahitaji kibodi nyingine, na joto linalopita kwenye kibodi na karibu na bawaba litazuiliwa. Afadhali mfuniko uondoke. Kompyuta izimwe kabisa, si kulazwa, chaja ichomolewe, na kasha likishafunguliwa kwa chini, kiunganishi cha betri kichomolewe kabla ya kugusa kitu kingine chochote, kisha kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki utoke. Skrubu zipangwe juu ya karatasi iliyochorwa umbo la kompyuta, kila moja mahali pake, kwa maana urefu wake hutofautiana na skrubu ndefu ikiingizwa kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa ubao au kuinua kibodi. Baada ya hapo kebo ya picha huchomolewa kwenye ubao mkuu, bawaba hufunguliwa, na mfuniko hutoka. Kebo isikatwe wala kuachwa ikining'inia ndani. Kama mdogo wako hajawahi kufungua kompyuta, mrudieni fundi yule yule. Kazi hii ni ndogo kuliko ile aliyoikadiria.

Kuna jambo ambalo watu wengi huligundua mfuniko ukiwa umeshatoka: antena za Wi-Fi zimo ndani ya mfuniko huo, pembeni mwa kioo. Nyaya mbili nyembamba, mara nyingi moja nyeusi na nyingine nyeupe, hutoka kwenye kadi ya Wi-Fi na kupanda kupitia bawaba. Zikiondoka na mfuniko, kompyuta itaiona ruta ikiwa karibu sana tu, au isiione kabisa. Vibao vya antena vinaweza kubanduliwa taratibu kutoka kwenye mfuniko na kubandikwa kwenye ukingo wa plastiki wa kasha, mbali na chuma. Au mnaweza kununua kipokezi kidogo cha Wi-Fi cha USB. Au, ikiwa ruta iko chumba hicho hicho, mtumie kebo ya mtandao, ambayo ni tulivu kuliko njia zote. Kamera nayo imo ndani ya mfuniko, na mara nyingi maikrofoni pia, hivyo kama watoto wana masomo ya kuonana na mwalimu kwa video, wekeni bajeti ya kamera ya USB. Kama hawana, msijisumbue.

Kitakachobaki mezani ni kibodi yenye kompyuta ndani yake, na umbo hilo lina historia ya kuheshimika. Commodore 64 ya mwaka 1982, ambayo watoto wengi wa kizazi kile walijifunzia kompyuta, ilikuwa kibodi inayounganishwa na runinga. Mwaka 2020 Raspberry Pi 400 ilitoka katika umbo hilo hilo, ikiwalenga wanafunzi. Watoto wako hawatakuwa wamekaa mbele ya mabaki.

Betri ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko kioo. Umesema kwamba kasha huachana kwenye kona ya bawaba, na hilo lina maelezo yake. Hata hivyo, ninakuomba uitazame kompyuta ikiwa imezimwa na kuwekwa juu ya meza tambarare. Je, inayumba? Je, kipande cha kuchezea kidole chini ya kibodi kimeinuka, au kimekuwa kigumu kubonyeza? Je, kasha limeachana pia upande wa mbele, mbali na bawaba? Kwenye kompyuta ambazo betri yake iko ndani, betri kwa kawaida hulala chini ya sehemu hiyo ya mbele, na betri ya lithiamu iliyochoka inaweza kuvimba kwa gesi na kusukuma kila kilicho juu yake. Watu wenye bawaba iliyovunjika husingizia bawaba kila ufa wanaouona, na hivyo uvimbe hupita bila kutambuliwa. Ukiona dalili hizo, usiichaji tena, usiikandamize irudi chini, usiitoboe, na umpe fundi aitoe. Baadaye ipelekwe mahali panapopokea betri zilizochakaa, kwa kuwa ndani ya pipa la taka, au kwenye gari la taka linalobana mizigo, huweza kuwaka moto.

Hata isipovimba, betri ya nusu saa kwenye kompyuta itakayokaa kwenye chaja siku zote haina faida kubwa kwako, na ningeiondoa. Kompyuta nyingi huwaka kwa chaja peke yake, ingawa baadhi hupunguza kasi ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, bila betri, na umeme ukikatika kompyuta itazimika papo hapo. Wafundishe watoto kuhifadhi kazi yao mara kwa mara. Kama ni lazima betri ibaki, tafuta kwenye programu ya mtengenezaji au kwenye mipangilio ya kuwashia kompyuta sehemu inayoweka kikomo cha chaji, na ukiweke asilimia 80 au chini yake, kwa sababu kukaa kwenye asilimia 100 huku ikipashwa joto ndiko kunakoizeesha betri ya lithiamu haraka.

Upande wa programu, Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta ya mwaka 2015 haimo katika orodha ya zile zinazokubaliwa rasmi na Windows 11, kwa kuwa prosesa zake ni za kabla ya kizazi kinachotakiwa. Kwa mashine itakayotumiwa na watoto kwenye intaneti, ningeweka mfumo wa Linux Mint wa toleo jepesi la Xfce badala ya Windows, ambayo GB 4 za kumbukumbu zinaitosha, ambayo hailipiwi, na ambayo mnaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi kabla ya kugusa chochote kilichomo kwenye diski. Programu ya LibreOffice itawatosha kwa kuandika, na ile ya GCompris ina mazoezi mengi ya hesabu, herufi na mantiki kwa watoto wa miaka 2 hadi 10. Kwa programu ya Kiwix unaweza kupakua Wikipedia ya Kiswahili na kuiweka ndani ya kompyuta, wakaisoma hata intaneti isipokuwepo. Na kama kuna fedha ya kununua kitu kimoja zaidi ya monita, inunue diski ya SSD, yaani ile isiyo na sahani zinazozunguka. Hakuna badiliko jingine litakaloifanya kompyuta ya umri huo iwe nyepesi kiasi hicho, na ile ya zamani utaipumzisha.

Mwambie shemeji kwamba wazo lake ni zuri, lakini kioo ndicho kilichoharibika. Paneli nzima ya kompyuta mpakato huweza kweli kugeuzwa monita au fremu ya picha: namba ya modeli husomwa kwenye kibandiko cha nyuma yake, kisha huagizwa ubao mdogo wa kuiendesha unaolingana na namba hiyo, wenye tundu la HDMI. Paneli yenye doa linalotanda haistahili gharama hiyo, na ufa wake unaweza kuendelea kukua. Ifungeni kwenye karatasi nene msije mkakatwa na vipande, na iende pamoja na mfuniko kwenye mkusanyiko wa vifaa vya kielektroniki.

Kuhusu seva na swali lako la usiku, jibu langu la sasa ni kwamba watoto wakimaliza, kompyuta izimwe. Nisingeacha betri ya lithiamu ya umri huo ikichajiwa saa zote katika nyumba ambayo watu wamelala, hata kama haionyeshi dalili yoyote. Mdogo wako asikate tamaa kwa hilo, kwa sababu kompyuta mpakato isiyo na kioo hufanya seva nzuri: ikitumia wastani wa wati 15, hula takribani kilowati-saa 131 kwa mwaka mzima, ambazo ni chache kuliko kompyuta nyingi za mezani. Lakini mashine moja isipewe kazi mbili zinazogombana, watoto wakiizima na yeye akiiwasha. Watoto watakapopata nyingine, aichukue hii, betri ikiwa imetolewa, aiweke juu ya kitu kigumu, mbali na mapazia na vitambaa, baada ya kusafisha feni na kubadilisha pasta ya joto kwenye prosesa, ile inayosaidia joto kutoka. Kabla ya kuingiza picha za ukoo asome taarifa za SMART, yaani ripoti ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe, na akikuta sekta mbovu, yaani sehemu za diski zisizosomeka tena, zinaongezeka, aibadilishe diski hiyo kwanza.